Kubadilisha Kitako cha Bunduki ya Bolti na Kukilaza Chuma Kwenye Mbao Mpya

Wanaotaka kubadilisha kitako cha bunduki ya bolti, yaani sehemu yote ya mbao inayobeba chuma chake, huwa na mojawapo ya sababu tatu. Mbao ya zamani imepasuka kwenye shingo, pale mkono unaposhika nyuma ya kifyatulio, au urefu wa kitako haulingani na mkono wa mpigaji, au bunduki iliyokuwa ikipiga mahali pamoja imeanza kutawanya risasi na mwenyewe anashuku kwamba mbao imejipinda. Sababu zote ni nzuri, ila hiyo ya tatu ndiyo inayoifundisha kazi, kwa kuwa humlazimu mtu aelewe kwamba kitako ni kitanda ambacho chuma hulalia, na kitanda chenye nundu hakimwachi mlalaji anyooke. Karibu kila hatua nitakayoieleza ina lengo moja: chuma kilale kwenye mbao bila kulazimishwa, na kikishalala kisisogee.

Ninaandika nikiwa Nakuru, na nina mawazoni bunduki ambazo mtu wa huku huzikuta mikononi mwa wenye leseni, yaani zile ndogo zinazotumia risasi ya .22, zile za kulenga shabaha zenye muundo wa Remington 700, na zile za zamani zenye muundo wa Mauser 98 zilizobaki katika familia tangu kabla ya mwaka wa 1977, uwindaji ulipopigwa marufuku nchini. Zote ni bunduki za bolti, maana risasi huingizwa na ganda hutolewa kwa kusukuma na kuvuta chuma kimoja kwa mkono. Chuma hicho ndicho bolti. Kinachokibeba nitakiita mwili wa bunduki, na chini yake, upande wa mbele, huning'inia kipande kifupi kilichosimama wima ambacho hupokea nguvu zote za teke la bunduki na kuzipeleka kwenye mbao. Hicho nitakiita jino. Ukikumbuka neno moja tu katika haya, likumbuke jino.

Kuhusu sheria

Silaha nchini husimamiwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na cheti cha kumiliki hutolewa kwa mtu maalumu kwa bunduki maalumu yenye nambari iliyochongwa kwenye chuma. Anayetengeneza bunduki za watu kwa malipo anapaswa kuwa amesajiliwa kama mfanyabiashara wa silaha. Kwa hiyo, kabla ya kuagiza kitako kutoka nje, uliza kwa Bodi ya Leseni za Silaha au kwa mfanyabiashara aliyesajiliwa ni idhini gani inayohitajika, na uombe jibu la maandishi. Usitegemee hoja ya kwamba mbao ni mbao tu. Afisa wa forodha hana sababu ya kuikubali.

Jambo la pili ni la mazoea yangu, nami nalishikilia kuliko kanuni nyingi zilizoandikwa. Seremala anaweza kukusaidia sana katika kazi hii, lakini anapaswa kuletewa mbao peke yake. Chuma hakitoki nyumbani kwako. Ukihitaji apasue, arande au akate mwisho wa kitako, yaani ule unaokaa begani, mpelekee kitako kikiwa tupu, pamoja na vipimo ulivyovichora kwenye karatasi, na bunduki ibaki imefungiwa sandukuni. Bunduki iliyovuliwa kitako ingali bunduki mbele ya sheria, na ni rahisi zaidi kuificha kuliko nzima.

Kuchagua kitako

Muuzaji atakuambia kwamba kitako chake huingia bila kuchongwa. Mara chache huwa kweli. Mara nyingi huingia kwa maana ya kwamba skrubu zinashika, jambo ambalo halithibitishi chochote. Kabla ya kulipa, hakikisha umejua mambo manne kuhusu bunduki yako: aina ya mwili wake, urefu wa mwili huo, unene wa mtutu, na namna magazini, yaani kasha la risasi, inavyokaa. Remington 700, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1962, hutengenezwa kwa mwili mfupi unaofaa risasi kama .308 na kwa mwili mrefu unaofaa risasi kama .30-06, na kitako cha mmoja hakimfai mwenzake. Mwili wake ni wa mviringo kama bomba, na jino lake ni bamba lililobanwa kati ya mtutu na mwili. Mauser 98 ni tofauti kabisa: jino limefuliwa pamoja na mwili, na kasha la risasi limeungana na kinga ya kifyatulio kuwa kipande kimoja kinachoingia kutoka chini. Mtu akikuuzia kitako "cha Mauser" bila kuuliza ni Mauser gani, mwache.

Upande wa malighafi, kuna mbao ya kipande kimoja, mbao za tabaka zilizogandishwa, faibaglasi, na fremu za alumini. Mbao ya walnati ndiyo inayopendwa tangu zamani, kwa kuwa ni ngumu kiasi, nyepesi kiasi, na huchongeka bila kumeguka. Kasoro yake ni ya mbao zote: hunywa unyevu na kuutoa, na katika kufanya hivyo hutanuka na kusinyaa, hasa kwa upana wake, kwa kuwa kwa urefu wa nyuzi haisogei sana. Jambo hili si la vitabuni tu kwa mtu anayeishi Nakuru, yapata mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na anayebeba bunduki yake kwenda Kisumu, mita 1,131, karibu na ziwa lenye mvuke wa kila asubuhi. Mbao isiyozibwa vizuri inaweza kufika huko ikiwa imevimba na kuugusa mtutu ambao wiki iliyopita haikuugusa. Mbao za tabaka hazisogei sana kama ya kipande kimoja, kwa sababu matabaka yaliyogandishwa huzuiana, na faibaglasi haijali mvua hata kidogo, ijapokuwa ni baridi mkononi na haina sura ninayoipenda.

Niliwahi kuulizwa kama kitako kinaweza kuchongwa kwa mvule wa huku magharibi. Kinaweza, lakini sikishauri kwa anayeanza. Nyuzi za mvule hupishana, kwa hiyo patasi inayokwenda vizuri upande mmoja hung'oa vipande ukigeuka. Ndani yake kunaweza kuwa na mawe madogo ya chokaa yanayoua makali ya kila chombo. Na vumbi lake huwasha pua na kifua. Ukisisitiza, valia barakoa, na uchague ubao ambao nyuzi zake hufuata mkunjo wa shingo badala ya kuukata, kwa maana hapo ndipo vitako hupasukia. Ubao uwe umekauka kweli. Njia rahisi ya kujua ni kuupima uzito kila wiki kwa mizani ileile na kuandika. Uzito ukiacha kushuka, ubao umetulia.

Kuvua kitako cha zamani

Toa risasi zote na uziweke chumba kingine. Vuta bolti nje kabisa, kisha tazama chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa, kwa macho na uiguse kwa kidole kidogo, hata kama umetazama dakika moja iliyopita. Ikiwa una bunduki mbili zinazofanana, weka alama kwenye kila bolti, kwa sababu bolti na chemba hupimwa pamoja kiwandani na kuzibadilishanisha ni hatari kubwa kuliko kitu chochote kingine katika makala haya.

Skrubu zinazoshika kitako huwa mbili, wakati mwingine tatu. Bisibisi iwe na ncha inayojaa tundu lote la skrubu kwa upana na kwa unene. Ncha nyembamba ya dukani huteleza na kuacha kovu ambalo halifutiki. Skrubu ya Mauser iliyokaa miaka hamsini bila kuguswa huenda isitoke kwa nguvu. Idondoshee mafuta mepesi, iache usiku kucha, na asubuhi igonge taratibu kwenye kichwa ukitumia kipande cha shaba kabla ya kujaribu tena. Chora mahali kila skrubu ilipotoka, kwani mara nyingi ya mbele na ya nyuma hazilingani urefu. Kwenye Mauser utakuta pia mrija mdogo wa chuma unaoizunguka skrubu ya nyuma ndani ya mbao. Usiupoteze: ndio unaozuia mbao kubanwa kupita kiasi skrubu inapokazwa, na bunduki nyingi za zamani zimeharibika kwa sababu mtu aliutupa akidhani ni takataka.

Kabla ya kuweka kando kitako cha zamani, kisome. Mahali palipong'aa ndipo chuma kilipokuwa kikigusa. Mahali penye weusi wa mafuta ndipo maji na mafuta yalipokuwa yakipita. Ufa mdogo nyuma ya jino huonyesha kwamba teke lilikuwa likipokewa na sehemu ndogo tu ya mbao. Makosa hayo yote yanaweza kurudi kwenye kitako kipya.

Masizi ya koroboi

Mafundi wa nje huuza rangi maalumu ya kuonyesha chuma kinapogusa mbao. Koroboi hufanya kazi hiyohiyo bila gharama. Washa utambi, kinga masizi kwa kijiko, yachanganye na matone machache ya mafuta mepesi mpaka yawe kama uji mzito, kisha yapake kwa brashi ndogo kwenye upande wa chini wa mwili wa bunduki, kwenye jino, na kwenye theluthi ya nyuma ya mtutu. Tabaka liwe jembamba sana. Masizi mengi hudanganya, kwa kuwa hugusa hata mahali ambapo chuma chenyewe hakijafika.

Shusha chuma kwenye hori ya mbao, yaani shimo lililochongwa ili kikae humo, kikiwa wima, bila kukichezesha, kibonyeze kwa viganja, kisha kiinue wima vilevile. Utaona alama nyeusi. Penye alama ndipo penye nundu. Hapo ndipo pa kuondoa mbao, unyoya baada ya unyoya, kwa patasi kali inayokwaruza badala ya kukata, au kwa msasa uliozungushwa kwenye kijiti cha mviringo. Paka tena, shusha tena, inua tena. Kazi hii inaweza kurudiwa mara thelathini, na hapa ndipo watu wengi wanapochoka na kuanza kutumia skrubu kuvuta chuma kiingie. Ukifika hapo, funika kazi, kanywe chai. Skrubu inayokivuta chuma hukipinda, na chuma kilichopindwa kitapinda kila risasi.

Unachotafuta ni hiki. Upande wa chini wa mwili uguse mbao kuzunguka matundu yote mawili ya skrubu, tena kwa usawa, pasiwe na kutikisika kama kiti chenye mguu mfupi. Uso wa nyuma wa jino uguse mbao yote kwa upana wake, kwa sababu teke huisukuma bunduki nyuma na hapo ndipo linapopokewa. Uso wa mbele wa jino, pande zake na ncha yake ya chini zisiguse chochote. Nafasi ya nusu milimita inatosha. Jino likikanyaga chini, mwili wote huning'inia juu yake, na utakaza skrubu mpaka kesho bila kupata utulivu.

Kisha mtutu. Kwa bunduki nyingi za bolti, mtutu hupiga vizuri zaidi ukielea, yaani usipoguswa na mbao popote kuanzia mbele ya jino hadi ncha. Chukua noti ya shilingi hamsini, ikunje mara mbili, ipitishe kati ya mtutu na mfereji wake kutoka mbele hadi karibu na jino. Ikikwama, hapo pana mguso. Kwa faibaglasi nafasi hiyo ya noti hutosha. Kwa mbao napendelea milimita moja na nusu, kwa ajili ya ile safari ya Kisumu niliyoitaja. Baadhi ya bunduki nyepesi zenye mitutu myembamba hupiga vizuri zaidi zikisukumwa kidogo karibu na ncha ya kitako, yaani mwisho wake wa mbele, kwa hiyo ukikuta nundu iliyowekwa kwa makusudi kwenye kitako cha zamani usicheke. Ila anza kwa kuuacha mtutu uelee, kwani kuongeza mguso baadaye ni rahisi kuliko kuuondoa.

Sehemu zinazosogea nazo zina nafasi zao. Kifyatulio kisikwaruze ukingo wa tundu lake, sefti, yaani kizuizi cha usalama, iende mbele na nyuma kwa uhuru, na mkono wa bolti ukifungwa usiiguse mbao, kwa kuwa ukigusa huzuia bolti isifunge kikamilifu. Kwenye Mauser, kati ya ukingo wa juu wa kasha la risasi na mwili wa bunduki pabaki nafasi ya unene wa karatasi. Kasha likibanwa katikati, linageuka kuwa nguzo ya tatu isiyotakiwa.

Urefu wa skrubu

Hili ni fupi lakini limewaaibisha wengi. Kitako kipya kinaweza kuwa chembamba kuliko cha zamani, na skrubu ileile ikapenya zaidi ndani ya mwili. Kaza skrubu zote, rudisha bolti bila risasi, ifunge na kuifungua. Ikiwa nzito kuliko ilivyokuwa, legeza skrubu ya mbele kisha ya nyuma, moja baada ya nyingine, ujue ipi inayoikwaza. Inayokwaza ipunguzwe kwa tupa, robo milimita kwa wakati, na ncha yake isawazishwe ili isiharibu nyuzi za skrubu zilizochongwa ndani ya mwili. Kamwe usiiache bunduki ikitumika katika hali hiyo.

Malalo ya epoksi

Kwa bunduki ya .22 isiyo na teke, kuchonga vizuri kunatosha. Kwa bunduki kubwa, au kwa mbao laini, ninashauri chuma kitengenezewe malalo ya gundi ya epoksi, ambayo hujaza kila pengo lililobaki na kuganda likiwa na umbo halisi la chuma chako. Pamoja na hayo, watu wengi hutia nguzo, ambazo ni mirija ya alumini inayozunguka skrubu na kusimama kutoka kwenye mwili wa bunduki hadi kwenye kinga ya kifyatulio, ili skrubu ibane chuma kwa chuma na mbao isipondeke. Ni wazo lilelile la mrija wa Mauser.

Ondoa milimita mbili hivi za mbao mahali malalo yatakapokaa, yaani nyuma ya jino na kuzunguka skrubu, lakini acha vipande vidogo bila kuguswa ili vibebe chuma kwa kimo sahihi gundi inapoganda. Kwenye jino, bandika tepu ya karatasi ya mafundi wa rangi upande wa mbele, kando na chini, na uuache uso wa nyuma wazi. Tepu ikiondolewa baadaye itaacha ile nafasi ya nusu milimita bila kuchonga tena. Zungushia mtutu tepu karibu na ncha ya kitako mpaka ukae katikati ya mfereji. Ziba kwa plastisini kila tundu na kila pembe inayoingia ndani ambamo gundi ikiganda itakishika chuma kama ndoano: matundu ya kifyatulio, mifereji ya sefti, sehemu ya kasha.

Halafu polishi. Polishi ya viatu ya nta, isiyo na rangi, hutosha kuzuia gundi kushika. Paka, acha ikauke, futa taratibu, paka tena, mara tatu. Kila chuma kinachoweza kuguswa na gundi kipakwe, hata kile unachoamini gundi haitakifikia. Mara ya kwanza nilipofanya kazi hii niliupaka mwili wote kwa uangalifu wa mtu anayepamba bibi harusi, nikazisahau nyuzi za skrubu ya mbele. Kesho yake skrubu ilikuwa imekuwa sehemu ya kitako. Niliokolewa na ncha ya pasi ya kulehemu nyaya iliyoshikizwa kwenye kichwa cha skrubu kwa dakika kadhaa, kwani epoksi hulegea ikipata joto, lakini rangi ya mbao iliungua pale na alama ingalipo.

Changanya gundi kwa uwiano ulioandikwa kwenye kopo, bila kukisia, na uikoroge taratibu ili isijae mapovu. Ijaze sehemu zilizochongwa, shusha chuma kikiwa wima, na tumia skrubu kukielekeza tu bila kukaza. Mkazo wa vidole viwili unatosha. Gundi itakayofurika pembeni ifutwe ikiwa bado laini, kwa kijiti na kitambaa chenye siki. Weka kitako kwenye jiliwa lenye midomo ya mbao, mtutu ukiwa sawasawa na ardhi, na usikiguse kwa saa ishirini na nne. Katika msimu wa baridi wa Julai, Nakuru, mimi husubiri siku mbili.

Chuma kikigoma kutoka, usikivute kwa mtutu kama unayechomoa muhogo. Ondoa skrubu, geuza kitako, kishike sehemu ya mbele na ukigonge kwa kiganja chini ya mtutu, kidogo kidogo. Kikikataa kabisa, kifunge kwenye mfuko wa plastiki na ukiweke kwenye friza kwa saa chache. Chuma husinyaa na mshiko hukatika. Friza iwe ya nyumbani kwako, si ya duka la jirani, kwa sababu zilizo wazi.

Kukaza na kupima

Skrubu ya mbele hukazwa kwanza, kisha ya nyuma, kwa zamu, na bunduki ikiwa imesimama juu ya mwisho wa kitako ili uzito wake ulisukume jino nyuma. Ukiweza, tumia bisibisi yenye kipimo cha nguvu na ufuate kiwango cha mtengenezaji. Asipotoa kiwango, kitako cha mbao kisicho na nguzo hustahili kama nyutoni-mita tano, chenye nguzo za alumini au fremu huchukua kama saba, na .22 huridhika na mbili hivi. La muhimu ni kwamba kiwango kiwe kilekile kila mara.

Sasa kuna jaribio ambalo halihitaji risasi. Weka kidole mahali ncha ya kitako inapokutana na mtutu, kiguse vyote viwili kwa pamoja, na mwenzako alegeze skrubu ya mbele na kuikaza tena. Chuma kilicholala vizuri hakisogei. Ukihisi mtutu unainuka au kushuka, chuma kinapindwa, na unarudi kwenye masizi. Wenye kipimo cha mshale, chenye uso kama wa saa, wanaweza kukifunga hapo: msogeo wa zaidi ya sehemu tano za mia za milimita, yaani 0.05, ni dalili ya kazi isiyokamilika.

Urefu unaomfaa mpigaji

Umbali kutoka kifyatulio hadi mwisho wa kitako kwa mwanamume wa kimo cha wastani ni sentimita 34 hadi 35. Kwa wenye mikono mifupi, 32 au 33 huwafaa zaidi. Kunja kiwiko mraba, weka mwisho wa kitako kwenye mkunjo wa kiwiko, na utazame kama pingili ya kwanza ya kidole cha shahada inafika kwenye kifyatulio. Kipimo hicho ni cha kuanzia tu. Kinachoamua ni kulenga ukiwa umefumba macho, bunduki ikiwa tupu, kisha kuyafumbua: ukiona duara zima la darubini bila kusogeza kichwa, urefu na kimo cha shavu viko sawa. Darubini nyingi za bunduki huhitaji jicho likae sentimita 8 hadi 10 nyuma yake, na anayelisogeza karibu zaidi kwa sababu kitako ni kifupi atapata kovu la mwezi mwandamo kwenye paji la uso. Ukikata, kumbuka kutoa hesabu ya unene wa mpira wa bega unaofungwa mwisho wa kitako, bandika tepu kwenye mstari wa kukatia ili mbao isichanike, na uufuate mshazari uleule wa awali.

Kuziba mbao

Piga msasa kufuata nyuzi, kuanzia namba 150 hadi 320, lowesha kwa kitambaa chenye maji ili vinyweleo visimame, acha pakauke, piga tena. Kisha mafuta ya kitani yaliyochemshwa, tabaka jembamba kwa siku, kwa siku saba au nane. Wengi huzipaka sehemu zinazoonekana na kuziacha hori, mfereji wa mtutu na mwisho wa kitako chini ya mpira vikiwa vikavu, na hapo ndipo unyevu huingilia. Mwisho wa kitako hasa, kwa kuwa nyuzi zake zimekatwa wazi na hunywa maji kama utambi. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani visikunjwe na kutupwa pembeni, kwani hupata joto vyenyewe na kuwaka. Vianike vimenyooka nje, au uvitumbukize kwenye ndoo ya maji.

Kwenye uwanja wa shabaha

Kitako kipya hubadilisha mahali risasi inapopiga, hata kama darubini haikuguswa. Kwenye uwanja ulioidhinishwa, ondoa bolti, ilaze bunduki juu ya mifuko ya mchanga, na utazame alama ya mita 25 kupitia ndani ya mtutu. Isawazishe darubini na alama hiyo. Rudisha bolti, piga risasi tatu, rekebisha, kisha uende mita 100. Acha mtutu upoe kati ya mafungu ya risasi, kwa sababu mtutu wa moto utakuchanganya usijue kosa ni la nani. Mafungu yakitawanyika juu na chini, shuku skrubu au jino. Yakihama polepole upande mmoja kadiri mtutu unavyopata moto, pitisha tena ile noti ya shilingi hamsini.

Baada ya risasi ishirini pima mkazo wa skrubu tena, kwa sababu mbao mpya hukaa. Andika kwenye daftari tarehe, kiwango cha mkazo, aina ya risasi na mahali fungu lilipopiga. Kisha pima tena mvua za masika zikiwa zimekolea, mwezi wa Aprili au Mei, kabla ya kugusa vifundo vya kurekebishia darubini.